Mahali Baba Alipomwokota Kulungu

Mosinee, Wisconsin
Juni 9

Dada yangu mpendwa Colleen,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini zitakukuta mzima, wewe na shemeji Todd na watoto, na kwamba goti lako limepata nafuu. Huku sote tu wazima wa mwili. Wa akili sidhani, na aliyeniharibia yangu ni baba.

Tangu nijitolee kuwapeleka wanyama waliojeruhiwa kwa Bi Gunderson, mwenye leseni ya kuwalea, mwezi huu wa Juni hunikondesha kila mwaka. Mtu anamkuta mtoto wa kulungu amelala nyasini, mama yake ameenda kula, naye anaanza kulia maskini yatima, kisha anambeba. Nimelisema kanisani, nimelisema mezani kwa baba mwenyewe. Jumatatu asubuhi na mapema nikamkuta jikoni na mtoto wa kulungu, kamfunika blanketi la mama, anamnywesha maziwa ya friji.

Nikampigia Bi Gunderson. Akauliza kama mtoto ana jeraha, kisha akamtaka baba aseme alimwokota wapi hasa. Baba akasema mtoni, karibu na daraja. Akaambiwa wazi kwamba Bi Gunderson hapokei mtoto mzima mwenye mama. Arudishwe palepale, maana mama humtafuta alipomwacha, na hayo maziwa ya ng'ombe yangemuua kwa kuhara.

Tukamlaza mtoni, tukajificha garini. Mama mtu hakuja. Mtoto alilia sana. Nikamwuliza baba ni upande huu au ule, akanijibu mto ni mto. Basi tukamhamishia ng'ambo ya pili. Baadaye akaacha kulia, hapo ndipo nilipoogopa, nikapiga simu tena. Bi Gunderson akasema huyo mzee anadanganya, aseme kweli au aanze kuchimba kaburi.

Baba akavua kofia, akaivaa, akaniambia niendeshe hadi kwa Lorraine Pulaski, yule mjane apigaye kinanda kanisani. Ilikuwa nyuma ya nyumba yake. Nikauliza alikuwa akifanya nini huko alfajiri. Akaniambia nitazame barabara.

Tukamlaza mtoto palepale nyuma ya nyumba, kisha Lorraine akatukaribisha jikoni, tukatazama dirishani. Baba alijichukulia kikombe kabatini bila kuuliza kilipo. Kulungu jike akatoka msituni, akamnusa mwanawe, naye akainuka kwa miguu inayotetemeka akanyonya. Baba alilia waziwazi.

Sasa dada, nililotumwa ni hili: wanaoana Septemba. Mimi pia nimeona ni mapema. Amenituma kwa sababu anakuogopa. Hajasahau ulivyomwambia siku tuliyomzika mama, kwamba akileta mwanamke nyumbani umemkana.

Tukirudi nilimfokea. Nilimwuliza kama kweli angemwacha kiumbe wa watu afe, ili tu asitaje jina la mwanamke. Akaendelea kutazama barabara mpaka tukafika uani. Kisha akasema, "Kulungu akifa, amekufa mara moja. Colleen akikasirika, hatanipigia simu mpaka nizikwe."

Mpigie, dada. Kama ni kumgombeza, mgombeze, lakini asikie sauti yako.

Wasalimie wote hapo, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Lorraine naye anakusalimu, ingawa alisema nisiandike.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Denise