Kadi ya Saba na Ngamia wa Hooyo

Wajir Mjini,
17 Juni 2025

Mpendwa kaka Abdisamad,

Assalamu alaikum. Hamjambo huko Tanga, wewe, wifi na watoto? Sisi tu wazima, Idi ilipita salama, ila joto linatukaanga. Naandika Kiswahili ili watoto wako nao wasome, maana Kisomali umewanyima. Hilo tutalizungumza ukija.

Uliuliza nafanya kazi gani. Tunatengeneza programu ya simu ya kupangia chanjo za mifugo. Mimi naandika mahitaji, yaani kila jambo ambalo programu lazima ilifanye. Hitaji moja, kadi moja, tunabandika ukutani.

Kadi ya saba ilisema: mfugaji ataje idadi ya ngamia wake. Niliiandika mimi, binti wa mfugaji! Kule Tarbaj wazee walinitazama kana kwamba nimewatukana. Mzee Kerrow akaniuliza, "Binti, unataka wanyama wangu wahesabiwe wapigwe jicho la husuda?" Niliona haya. Niliporudi ofisini nikaichana.

Kumbe kadi ya kumi na tisa, ya kukadiria dozi za kupakia garini, iliitegemea ile ya saba, na hakuna aliyekuwa ameziunganisha. Idadi ikawa sifuri, programu ikaiondoa Tarbaj kwenye safari. Niligundua Jumanne, gari linaondoka Alhamisi, na ndui ya ngamia imeshafika kisima cha jirani. Ngamia wa Hooyo, mama yetu, wako huko huko. Kaka, nililia.

Nikampigia Hooyo. Idadi hakunitajia, hata mimi niliyetoka tumboni mwake! Alisema tu kwamba wakifika kisimani wanamaliza mahori sita ya maji. Basi nikaandika kadi mpya: mfugaji ataje mahori. Kutoka kwenye mahori, hesabu ya dozi programu inajifanyia yenyewe. Tukawapigia wafugaji wote wa Tarbaj, na Mzee Kerrow akajibu bila kinyongo.

Sasa kadi zinazotegemeana nimezifunga kwa uzi, ili anayeng'oa moja aone anagusa zipi. Wenzangu wananicheka eti nasuka mkeka ukutani. Wacheke.

Gari lilifika Alhamisi hiyo hiyo. Ngamia wote wa Hooyo wamechanjwa, na yule jike uliyemwacha akiwa ndama amezaa.

Nisalimie wifi na wanao, Jawahir na Ayan. Shangazi Fatumo anakusalimu na analalamika hupigi simu. Mwenyezi Mungu awahifadhi nyote.

Ripoti ya chanjo imeletwa mezani kwangu, na idadi ya ngamia wa Hooyo imo. Ukurasa huo nimeufunga bila kuusoma. Ukiniuliza ni wangapi, ni wa mahori sita, alhamdulillah.

Dada yako akupendaye kuliko unavyostahili,
Deka