Mabati ya Dunia

Nyambura, mtoto wa dada yangu,

Kwanza ujue anko wako siku hizi ni mtu mkubwa. Hapa mtaani Satellite hakuna anayechimba msingi kabla sijapita kukanyaga udongo na kusema, "Hapa patatulia." Juzi huko Karen tajiri mmoja alimwambia injinia wake anyamaze kwanza, fundi wa mabati aongee. Hata mbwa wake walinyamaza.

Na elimu yote ni yako. Unakumbuka nikiwa juu ya paa la mama yako napiga misumari, wewe uko chini na vitabu vyako vya kufundishia jiografia? Nilikuuliza kwa nini Wajapani wanatikiswa kila mara na sisi mara moja moja tu. Ukasema dunia imefunikwa na mabamba, vipande vikubwa vya mwamba vinavyosogea. Mimi, na hiyo nyundo masikioni, nikasikia mabati. Nikakwambia, basi hiyo ni kazi yangu! Bati katikati halina maneno, kelele iko pale mawili yanapokutana.

Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Haya anko, mabati basi. Na tena umepata." Ukanionyesha kwa mikono: kule Japani moja linajisukuma chini ya lingine, linakwama, halafu siku moja linaachia ghafla. Kwetu, hapo nyuma ya vilima vya Ngong, Bonde la Ufa ndipo bati linapopasuka, pande mbili zinaachana polepole kuliko kucha inavyokua. Walio mbali na maungio wanalala usingizi.

Basi ikawa desturi yetu. Ardhi ikitikisika hata kidogo, simu yangu inalia kabla vikombe havijatulia: "Anko, bati limelia, umesikia?" Nami najibu nimelisikia kabla yako, hata nimelikanyaga na mguu likanyamaza. "Anko, wewe ni muongo!" Siku hizi wengine wakiniita muongo, wanamaanisha.

Tangu ile homa ikuchukue, mama yako bado anapika chai ya watu wawili. Huwa napita kunywa hiyo ya pili, najifanya nina kiu. Paa lake lile halivuji, hilo nakuhakikishia. Lakini nyumba... aah, wacha tu.

Juzi asubuhi tukiwa hapo mezani, vikombe vikaanza kugongana. Nimetangazia mtaa mzima kwamba lilikuwa tetemeko kubwa, na kwamba nilishika ukuta kwa bega mpaka likaisha. Mama Otieno wa mboga akaniuliza, "Fundi, mbona sukuma wiki yangu haikutikisika?" Nikamwambia yeye amekaa katikati ya bati. Ungekuwepo ungecheka.

Lala salama, mwalimu wangu. Hiyo chai ya pili haitakosa mnywaji nikiwa hai, nimekuahidi. Na bati likilia, nitakwambia wewe kwanza, kwa sauti, watu watazame wakitaka.

Ila hili la juzi, na usimwambie mtu huko uliko, halikuwa tetemeko. Ni lori la kokoto lilipita nje, nililiona dirishani na macho yangu haya mawili. Na bado nilitoa simu mfukoni nikaishika mkononi. Vikombe vikatulia, chai ikapoa, mimi bado nangoja ilie.

Anko wako