Wiki Moja kwa Wifi, Kwenye Hewa Safi

Jumatatu, 4 Agosti

Safari ipo! Wifi kapiga simu tena asubuhi. Njooni wiki nzima, huku kwangu hewa peke yake ni dawa. Huyu dada mkubwa wa mume wangu hawezi kusema maneno matatu bila hewa. Moyoni nimempa jina: Madamu Hewa.

Mume wangu kanunua koti la mtumba. Refu, zito, linamfika magotini. Kalivaa humu humu ndani, chumba kimoja, bati linawaka, jasho linamtiririka, anajigeuza mbele ya kioo. "Mama Kibonge, naonekanaje?" Nikamwambia kama mlinzi wa benki. Akafurahi!

Mama mkwe, ambaye tunakwenda naye, kaja kufunga mizigo ya mtoto kwa mkono wake. Sikuombwa hata soksi. Katia nguo zote, hata zile kubwa ninazomsubirishia Kibonge akue. Katia na kadi ya kliniki. Kadi ya kliniki likizoni! Nikasema, mama, si tunakwenda kupumzika? Akasema mtoto ana mambo mengi. Halafu kanitazama kifuani: "Hivi bado unamnyonyesha?" Mwaka mmoja na miezi minne, ndiyo, bado. Akaguna.

Mwache agune. Mimi nina furaha zangu. Tangu niolewe sijalala kitanda kingine zaidi ya hiki chenye bonde katikati.

Jumanne, 5 Agosti

Tumefika. Vidole vimekufa ganzi, mwandiko kama kuku kapita.

Basi lilipanda kona baada ya kona mpaka masikio yakaziba. Bwana Koti alilivaa tangu stendi, huko chini kwenye joto la kukaanga, ili watu wajue anakokwenda. Kalowa chapachapa. Tulipoifikia baridi yenyewe, koti limelowa jasho, limegeuka bafu la barafu juu ya mwili wake. Meno yanagongana mpaka kondakta kamuuliza kama ana homa. Mimi na sweta langu la mwaka juzi nimekaa kimya, naangalia dirishani. Adabu ya mke.

Lakini nyumba ya wifi! Jamani. Kama ya kwenye kalenda. Ukuta wa mawe, waridi mpaka getini, ndani kuna mahali pa kuwasha moto ukutani kabisa. Vyumba saba! Wifi kasimama mlangoni, mikono kaitanua: "Karibuni kwangu. Vuteni hewa." Tukavuta. Mama mkwe kavuta mpaka akakohoa.

Kibonge kakimbia kwenye majani, kaanguka, kacheka, kainuka, kaanguka tena. Nyumbani hana pa kuangukia. Machozi yalinilengalenga, nikajifanya ni baridi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimelala kama gunia. Kitanda hakina bonde!

Mambo mawili matatu nimeyaona, nayaandika hapa maana nikiyasema nitaambiwa nina kijicho.

Moja, picha ukutani. Watu wamejaa kwenye fremu, harusi, mahafali, mzee mwenye mvi na mbwa. Wifi hayumo hata katika moja. Nikauliza. "Marafiki," kasema. Mtu gani anajaza nyumba yake marafiki na yeye mwenyewe hajiweki hata pembeni?

Jingine, mwenye vyumba saba analala kachumba nyuma ya jiko. Eti kuna joto.

Na hili la bata ndilo linanisumbua. Pale sebuleni juu ya meza kuna bata wa udongo, wa kung'aa. Asubuhi wifi kamnyanyua kwa mikono miwili, kafuta meza, kamrudisha. Mdomo ukiangalia dirisha, pale pale alipokuwa, hajakosea hata unywele. Mimi kabla ya kuolewa nilifanya kazi za ndani miaka miwili kwa watu. Mwenye nyumba akifuta meza, bata atamweka popote, ni bata wake. Anayemrudisha palepale ni yule anayejua kuna mtu atakuja kuangalia.

Mume wangu kakuta joho la kuogea la kitambaa cha taulo limetundikwa nyuma ya mlango, kalivaa juu ya koti. Sasa ni mlinzi wa benki aliyepata cheo.

Wifi kamwogesha Kibonge. Kamwimbia, kamkausha kila kidole. Hajajaaliwa mtoto, miaka yote hii. Nilimwachia amvalishe pia. Kamwita "mwanangu." Mashangazi wote husema hivyo.

Alhamisi, 7 Agosti

Sasa naijua kadi ya kliniki ilikuja kufanya nini.

Nilikuwa naanua nepi upande wa nyuma, wao watatu wako barazani na chai. Mama mkwe anasema ziwa siku tatu tu, atalia, atasahau. Wifi anaulizia kama Kibonge anaogopa mbwa. Na mume wangu, baba wa mtoto, kidume na joho lake, anasema: "Huyo mama yake niachieni mimi."

Nikatokea na nepi mkononi. Nikamwambia haya, nimekuja, niachiwe.

Kakohoa. Kaniita chumbani. Eti ni kwa muda tu. Mpaka aanze shule. Shule! Ana miezi kumi na sita! "Dada ana nyumba, ana bustani. Sisi tuna chumba kimoja na jirani anatuwashia jiko la mkaa mlangoni. Wewe mama gani unamnyima mtoto hewa?"

Hewa. Nilijua tu itaingia.

Nikamuuliza, ulijua tangu lini? Kaangalia mkanda wa joho. Alijua kabla ya koti.

Tunaondoka Jumatatu. Wanne tumekuja, watatu turudi. Kibonge amelala mkono juu ya titi langu, amelishika kama anayelinda tiketi. Halafu kikohozi chake kile cha kule nyumbani hajakikohoa tangu tumefika. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba mle kwenye uongo wao wametia na ukweli.

Ijumaa, 8 Agosti

Jikoni nyuma ya mlango kuna daftari limetundikwa kwa kamba. Nilidhani la mapishi. Mwandiko si wa wifi, ni wa mtu aliyesoma, umelala upande mmoja. "Magodoro yaanikwe kila Jumamosi. Joho la marehemu lisifuliwe, lipigwe jua tu. Bata asiguswe na mtu mwingine ila wewe. Wageni hapana."

Joho la marehemu! Na mume wangu kalilalia mchana kutwa, kalidondoshea na jamu.

Nilimngoja wifi wakati wa kuanika mablanketi, yeye upande huu wa kamba, mimi ule. Nikamwambia polepole, "Wifi, hii nyumba ya nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kumcheka. Tangu Jumatano nina maneno yangu matamu nimeyaweka. Kisha kaniambia, "Miaka tisa, wifi. Mwaka wa kwanza mama alinipigia akaniuliza nakaa wapi, nikamwelezea nyumba. Nilielezea tu. Akalia kwa furaha. Ningesemaje tena?" Mwenye nyumba ni bibi mmoja mjane, yeye wifi ni mtunzaji tu; bibi anakuja mara moja kwa mwaka, Desemba.

Maneno yangu matamu yakayeyuka. Nilimwambia siri yako haitoki kwangu. Lakini waambie mwanangu haachwi. Sema umebadili mawazo, sema unaumwa mgongo, sema lolote, si una kipaji? Kacheka na machozi. "Kesho nitasema. Haki ya Mungu."

Jumamosi, 9 Agosti

Hajasema.

Mama mkwe kapanga nguo za Kibonge kabatini. Ndogo chini, kubwa juu. Nikimtazama wifi, anakwenda kufuta bata.

Jumapili, 10 Agosti

Niko jikoni, nimekaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Birika liko motoni. Acha niandike haraka.

Saa tano asubuhi, honi getini. Wifi alikuwa kambeba Kibonge. Kachungulia dirishani, kageuka rangi ya majivu. "Mama, jikoni! Kaka, vua hilo joho, vua! Shika mkasi, kata maua!" Mama mkwe anauliza ni nani, ni nani, wifi anamsukuma tu. Mume wangu kavuliwa joho kama mtoto wa chekechea, kajikuta bustanini na koti lake na mkasi, anayatazama maua. Nadhani ndipo kichwani kwake kulipokucha.

Kaingia bibi mdogo, fimbo, miwani, sauti ya taratibu. Desemba yake imewahi. Kamtazama bata kwanza, naapa. Kisha: "Naona una wageni."

Wifi kampandisha Kibonge begani.

"Na huyu mtoto mzuri ni wa nani?"

Wifi kaniangalia. Kaangalia mlango. Kisha, macho makavu: "Wangu, mama."

Bibi kafurahi! Kashika mashavu ya Kibonge. Miaka yote hii, mbona hukuniambia, ulidhani ningekufukuza? Mtoto na mama yake watengane kwa ajili ya kazi? Akae hapa hapa, kitanda kidogo kipo stoo. Na huyu binti?

Huyu binti ni mimi.

"Ananisaidia kumlea," kasema wifi. Na yule bustanini ni mtu wa maua, mume wa huyu binti. Dirisha lilikuwa wazi. Mume wangu kasikia kila neno. Nilimtazama, nikamngoja. Kakata ua. Moja. Kisha lingine.

"Binti, tuchemshie chai," kasema bibi, kwa upole kabisa. Nikaja kuchemsha. Miguu ilikuja yenyewe, inakumbuka kazi yake.

Mama mkwe yuko hapa, anamenya viazi ambavyo hakuna aliyeviomba. Jicho jekundu. Miaka tisa ya kuwatambia majirani zake, na nyumba yenyewe ya mtu mwingine. "Vumilia mwanangu. Ni maneno tu. Bibi akiondoka tutacheka." Nikamuuliza atacheka nani. Kamenya.

Naweza kutoka nikasema. Wifi atakuwa barabarani kabla ya chai kupoa, miaka tisa kwenye mfuko mmoja. Nilimwahidi. Na nisiposema —

Kibonge anaanza. Ule wa kuguna kwanza. Saa yake ya ziwa. Wifi anambembeleza, shh, mama yuko hapa, mama yuko hapa. Huyo hadanganyiki, hajafundishwa adabu bado. Sasa analia kwa nguvu zote. Gauni langu limelowa mbele, pande zote mbili.

Bibi anasema — nasikia vizuri, mlango uko nusu — "Mnyonyeshe basi. Mimi mtu mzima, usinionee aibu."

Mkasi bustanini umenyamaza. Kisu cha mama mkwe kimesimama katikati ya kiazi.

Kibonge analia.

"Mnyonyeshe," bibi anarudia.

Mama mkwe kanishika mkono, huu wa kushoto. Nimefungua kifungo cha kwanza kwa huu wa kulia. Naweka kalamu, mwanangu ananiita.