Neno la Mjomba

Kijisiwa cha mchanga, ng'ambo ya Mutsamudu
Jumatatu, 1983

Kwezi, dada yangu mpenzi Moinahalima,

Baada ya salamu hiyo ya kwezi na kukubusu mkono kwa heshima zote, nataka kujua u hali gani. Je, goti limepoa? Na mtoto wetu Djaouharia, bado anadarizi kofia dirishani huku akiwacheka wapita njia? Mimi ni mzima, tena nimenenepa. Nakuandikia kwa Kiswahili chetu cha Unguja tulichokulia, maana wenyeji wangu hapa wanasoma Kifaransa, na mmoja anabahatisha Kingazidja. Msomee Djaouharia. Usimsomee jirani.

Utakuwa umesikia kwamba nimepata kazi kubwa. Ni kweli. Wale wazungu wa bunduki, mamluki waliotushukia mwaka wa sabini na nane, baadhi yao wamechoshwa na mji, wakataka mahali pa kupumzikia. Wakauliza pale Mutsamudu, vichochoroni chini ya ngome, nani anakijua kijisiwa hiki. Mimi nikasema nakijua ndani nje, nimelala hapa na kasa mia, na papa mmoja nilimpiga kofi akaomba radhi. Wakanichukua papo hapo. Charif mwenye boti, huyu aliyekuletea barua, alinikonyeza ninyamaze. Nikajifanya sikumwona.

Dada, hujaona maajabu. Watu hawa wana nyumba za mawe mjini, wana vitanda na wapishi, wanaviacha kuja kulala mchangani ndani ya mahema, kwa raha zao! Wanajianika juani kama nguru wa chumvi, na wakiungua wanapakana mafuta na kusifu. Wanapiga mbizi na miwani ya kioo kumtazama samaki, kisha wanamwacha aende zake. Mimi ndiye napigilia vigingi, nakaza kamba, nachoma pweza, nachimba choo. Wananiita Tonton, yaani mjomba. Upepo uliponyanyua hema la kapteni nililidaka kwa meno, maana mikono yangu ilikuwa imeshika mengine mawili.

Kapteni mwenyewe ni mtu wa makamo, upara wake mwekundu. Amesilimu mwaka jana, anaitwa Ibrahimu, na akiwa huko kwenu Moroni hakosi safu ya mbele siku ya Ijumaa, apate kuonekana. Siku moja tukila alinionyesha picha ya nyumba ya baba yake huko Ufaransa, na farasi mlangoni. Sasa mimi ninyamaze? Nikatoa ile picha ya Djaouharia ya Idi. Nikamwambia huyu ni mpwa wangu, hana mfano visiwani, nyumba yao ina milango arobaini, na kwa desturi yetu upande wa baba si kitu, neno ni la mjomba peke yake. Akaitazama picha kwa muda mrefu. Hakuirudisha.

Kesho yake akaniambia basi, Tonton, toa neno. Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikasema ndoa kwetu inataka ng'ombe, akasema ng'ombe atawapata. Nikasema binti mwenyewe ana kiburi, akasema ndivyo anavyopenda. Tangu hapo boti ya maji ya Charif ikija, askari mmoja husimama kati yangu na ufukwe; barua inapita, mimi sipiti. Niliomba ruhusa niende mjini kununua chumvi. Akaniuliza, Tonton, chumvi ya nini, na bahari yote hii? Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Hawajanifunga kamba, dada, ya nini? Maji yakijaa, kisiwa kinabaki kama ua wa msikiti, na mimi, iwe siri yetu, kuogelea sijui. Nazunguka, nazunguka, nakutana na nyayo zangu mwenyewe. Huku mimi si mpishi tena. Nimewekwa rehani.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Leo asubuhi nimempa neno. Nimesema ndiyo.

Usipige kelele, soma kwanza. Angesikia hapana, angekwenda Moroni vilevile, ila angekwenda leo, na kwa hasira. Kwa kuwa amesikia ndiyo, ametulia, anataka mambo ya heshima: atakuja kwako Ijumaa baada ya sala, amevaa kanzu mpya, mbele ya watu. Anaamini neno langu limemaliza yote. Hajui kuwa walii wa kumwozesha mtoto ni Bacar, ndugu wa marehemu baba yake, aliyeko Ntsoudjini. Neno langu mbele ya kadhi ni upepo mtupu, na safari hii namshukuru Mungu kwa hilo.

Basi mtume mtu kwa Bacar leo leo. Kisha mwite Allaoui wa Mvouni, yule mwalimu niliyemfukuza mlangoni kwa kuwa alikuja kuposa kwa miguu, Djaouharia akanikatia salamu mpaka Ramadhani. Waozesheni kabla ya Ijumaa, ndoa ndogo ya sebuleni, mashahidi na kahawa basi. Najua niliutangazia mji ndoa kuu, ngoma mtaa mzima. Ndoa kuu itangoja. Kwetu wanandoa huifanya hata wakiwa na wajukuu. Kapteni akifika atakuta mke wa mtu, na msikiti mzima unajua. Uislamu wake bado mbichi na anapenda sifa. Sidhani kama atathubutu kujiaibisha mbele ya safu ile. Nasema sidhani. Hakika sina.

Utaniuliza, nami itakuwaje akirudi huku mikono mitupu? Hapo sina cha kukusimulia. Ila mimi nimekula chumvi nyingi, na yeye ndiyo kwanza anaanza.

Nisalimie Bacar na wote wa nyumbani. Mwambie Allaoui mjomba amemkubali, na aje vilevile kwa miguu. Djaouharia avae hereni za mama. Wakiuliza mjomba wa bibi harusi yuko wapi, sema ana shughuli na wakubwa, wananijua, wataamini. Lakini wewe usinisubiri, dada. Fungisheni ndoa.

Ni mimi, wa tumbo moja nawe,
Houmadi