Nilidhani Naima Ananitania

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Masasi

Jina: Yuster Joel Silvano (Mama Felix)
Umri: Miaka 57
Kabila: Mmakua
Dini: Mkristo, Anglikana
Kazi: Mkulima wa korosho na mbaazi
Makazi: Mkuti, Masasi mjini
Tarehe: 17 Julai 2024, kuanzia saa 3:40 asubuhi
Kuhusu: Kifo cha Naima Hamudi, mkazi wa Makote, Newala, kilichotokea Mbagala, Dar es Salaam

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema haya kwa hiari yangu. Afande Scholastika anayeniandika ameniambia nikidanganya naweza kushtakiwa. Nimemjibu kuwa tangu Jumamosi sina nguvu hata ya kutunga uongo. Ni binti wa umri wa wanangu. Ameniamkia shikamoo kabla ya kuniuliza chochote, nami nimeitikia marahaba.

Marehemu Naima nilimfahamu Ndanda, hospitalini, tulipojifungua watoto wetu wa kwanza katika wodi moja, mimi Felix, yeye Nurdini. Vitanda vyetu vilikuwa jirani. Aliniuliza mimi ni wa ukoo gani, nikamtajia. Akacheka mpaka nesi akamwonya asije akafumua nyuzi. Kumbe ukoo wake na ukoo wangu ni watani. Hapohapo akanyoosha mkono, akachukua uji wangu, akaunywa wote. Mtani akichukua amechukua.

Afande kwao ni Sumbawanga, ameniomba nieleze utani wetu. Anasema hata kwao upo, ila yeye hajauona ukifika kaburini. Huku kwetu mtani anaweza kuingia uani kwako akaondoka na kuku. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, na huruhusiwi kununa. Ukifa, yeye ndiye anayeingia kaburini kabla yako. Analala humo, anasema ni pembamba mno, anataja ulafi wako na uvivu wako mpaka waliokuwa wakilia wanacheka, na hatoki mpaka ndugu wampe chochote, hata yai. Mtani asipokuwepo, watu wanasema marehemu kazikwa kama mpita njia. Mimi na Naima tulibishana miaka yote nani atalala kwenye kaburi la mwenzake. Yeye alisema mimi ni mnene, kaburi lake litabidi lipanuliwe.

Mwezi wa tano mwaka huu Nurdini, ambaye anaishi Mbagala, alipata mtoto wa kike akampa jina la mama yake. Naima akanipigia simu kutoka Makote, akasema twende wote kumwona mjukuu. Tangu tuzaliwe, hakuna kati yetu aliyekuwa amefika Dar es Salaam. Mbali kabisa tulifika Lindi. Nilimwambia siendi mjini na Mmakonde anayekula panya, tutafukuzwa. Akanijibu kuwa panya tunawala wote, ila Wamakua huwala gizani. Basi tukakubaliana.

Mnamo tarehe 9 Julai Naima alishuka Masasi, akalala kwangu. Kesho yake alfajiri tukapanda basi. Alikaa dirishani, akanikataza kulala nisije nikapitwa na chochote. Tulipofika Somanga basi lilisimama watu wale, mimi nikashuka kununua samaki wa kukaanga. Niliporudi nilimkuta amelala kwenye kiti, mdomo wazi, macho yamegeuka juu. Nikamwita, kimya. Nikamtikisa, mkono ukaanguka. Nikapiga kelele, abiria wakasimama, dereva akaja mbio. Ndipo Naima akafumbua jicho moja akasema, "Lete samaki, mtani. Nimefufuka." Basi zima likacheka. Mimi nililia kweli, na nilikasirika mpaka tukavuka Rufiji. Nilimwapia kuwa akirudia tena sitalia, nitamwimbia. Naomba afande aliandike hili kama nilivyolisema, kwa sababu yote yaliyofuata yametoka hapo.

Tulifika Mbagala jioni, Nurdini akatupokea. Mke wake anaitwa Loveness, binti mpole, aliyezaliwa na kukulia mjini. Alituandalia vizuri, simsemi kwa ubaya. Alitusikia tukitukanana tangu tulipoingia, akawa anamtazama mume wake. Nurdini akamwambia, "Hao ni watani, wazoee." Nadhani Loveness alidhani utani wetu ni ule wa kuchekana tu kwa chakula na lafudhi.

Kitu cha kwanza Naima alichokipenda mjini ni bomba. Uani kwa Nurdini kuna bomba, ukifungua maji yanatoka. Makote na Newala nzima maji ni shida, Naima ameteka maji bondeni tangu hajavunja ungo, akipanda na ndoo kichwani. Alifungua lile bomba akaweka miguu chini yake, akasimama. Nurdini akasema, "Mama, hayo yanapita kwenye mita." Naima akasema, "Nangu siondoki hapa." Akifurahi, Kimakonde kilimtoka chenyewe, nangu maana yake mimi. Nurdini alimwacha. Nilimwona anageuka pembeni anafuta macho, na mimi nikatazama kwingine.

Mnamo tarehe 12 Julai Nurdini alitupeleka kutembea mjini. Tuliona treni ya umeme kwa nje, tukaenda kwenye jengo moja la maduka lenye ngazi zinazotembea zenyewe. Mimi nilipanda nikiwa nimefumba macho. Naima alikataa. Alikaa chini kwenye ukingo wa maua, akashika kifua, akasema pumzi imemwishia. Nikamwambia kutoka juu, mbele za watu, "Sema unaogopa ngazi, mla panya wewe." Alicheka, lakini alichelewa kucheka. Nililiona hilo. Naima hakuwa mtu wa kuchelewa.

Mnamo tarehe 13 Julai, siku ya Jumamosi, Naima aliamka akasema, "Mtani, kifua kinanibana." Nikamjibu, "Kikubane vizuri, ufe upesi, nirithi kanga zako." Ni kweli niliyasema maneno hayo, na Loveness aliyasikia akiwa jikoni, hajadanganya. Alitoka akamwuliza, "Mama, twende hospitali?" Naima akaninyooshea kidole akasema, "Hospitali ya nini? Huyu ndiye anayeniua." Tukacheka wote wawili. Hilo nalo Loveness amelieleza polisi wa Dar es Salaam, na ni kweli vilevile.

Nilimpikia uji, nikampa kwa mkono wangu. Ndani ya uji kulikuwa na sukari na ndimu, hakuna kingine. Alikunywa nusu.

Baada ya chakula cha mchana Naima alitandika mkeka uani, karibu na lile bomba, akasema anajinyoosha kidogo. Mimi nilimbeba mtoto, Loveness akawa anafua. Nurdini alikuwa kazini. Kama saa tisa hivi mtoto alianza kulia, nikamchukua kwenda kumlaza kwa bibi yake.

Nilimkuta chali, mdomo wazi, macho yamegeuka juu. Vilevile kama Somanga.

Nikasema moyoni, leo hunipati. Sikumtikisa. Nilimpa Loveness mtoto, nikarudi, nikachukua kanga yake kwenye kamba, nikamfunika mpaka usoni kama maiti. Nikaanza kumwimbia na kucheza nikimzunguka. Niliimba kuwa mla panya amekufa, panya wa Makote wapike pilau. Nilisema mkeka huu mpana mno kwa mtu mchoyo. Nilidai yai langu. Nilikuwa nangoja kanga itikisike, kwa maana Naima hawezi kuzuia kicheko, tumbo ndilo huanza.

Sijui niliimba kwa muda gani. Afande ameniuliza mara mbili, na mara zote mbili nimeshindwa. Niliimba mpaka nikachoka. Loveness alikuja na povu mikononi akauliza, "Mama Felix, unafanya nini?" Nikamwambia, "Mwache, anajifanya." Yeye ndiye aliyefunua kanga. Yeye ndiye aliyemgusa. Alipiga ukelele ambao bado niko nao masikioni mpaka hivi ninavyosema.

Majirani walikuja, tukampeleka hospitali kwa bajaji, wakasema amefika akiwa amekwisha kufariki. Loveness alikuwa akirudia mbele ya kila mtu kuwa nilikuwa nacheza juu ya maiti. Ndiyo sababu polisi waliitwa, na ndiyo sababu mwili ulizuiwa mpaka upimwe, wakati dini yake inataka azikwe haraka. Mimi simlaumu Loveness. Kama mimi ndiye ningekuwa mwenye nyumba, nikamkuta mgeni anacheza hivyo juu ya mama mkwe wangu, ningesema maneno makali kuliko yake.

Afande amenisomea majibu ya daktari, kuwa ni moyo, na hakukuwa na sumu wala jeraha. Nimeyasikia. Ninalotaka kujua halimo kwenye majibu hayo, nalo ni kama alikuwa bado hai nilipoanza kuimba. Afande amesema hakuna anayeweza kunijibu.

Jana mwili uliondoka Dar es Salaam kwa gari dogo, na mimi nilipanda basi peke yangu. Kiti cha dirishani kilikuwa na mtu mwingine. Tulipofika Somanga sikushuka.

Kaka yake Naima, Mzee Dadi, ndiye mkubwa wa ukoo. Alinitumia salamu kuwa nisikanyage makaburini Makote mpaka polisi wawe wameniandika. Nimekuja hapa leo mapema, kabla mlango haujafunguliwa, ili niandikwe niwahi. Sijaja kwa kuogopa jela. Nimekuja kwa sababu kuna kazi moja ambayo Naima aliniachia na hakuna mwingine wa kuifanya. Dada zangu wa ukoo waliokuwa Newala wamekwisha kufa, nimebaki mimi.

Saa 5:25 simu yangu imeita, afande ameniruhusu kupokea. Alikuwa Nurdini. Ameniambia kaburi liko tayari, wameamua kutosubiri adhuhuri kwa sababu mwili umekaa sana. Nikamwuliza mjomba wake anasemaje. Akasema, "Mjomba mwenyewe ndiye anayeuliza mtani yuko wapi. Wanawake wa Makote wamekaa chini, wamesema mama hashuki bila mtani." Nikamwambia, "Mwanangu, niko Masasi, nitafikaje?" Akasema, "Mama Felix, mimi najua. Mama alinisimulia ya Somanga. Alisema hajawahi kucheka kama siku ile."

Sasa naomba afande aniandikie maneno yafuatayo. Amesema hayahusiani na kesi. Nimemwomba kama mama yake. Amekubali.

Naima binti Hamudi, wewe ni mwongo, umenidanganya mara mbili, na mara ya pili umezidisha. Ulikuwa mlafi, uji wangu wa Ndanda hujanilipa. Ulikuwa mvivu, umekwenda kufia karibu na bomba ili usiteke maji tena. Kanga zako nazitaka zote, hata iliyochakaa. Kaburi hilo jembamba, umelichimbisha hivyo makusudi kwa kuwa ulijua mimi ni mnene. Panya wa Makote, tulieni, adui yenu amelala. Mzee Dadi, mimi sitoki kaburini mpaka nipewe yai langu. Naima, ukiniona nakuja usijifanye umelala.

Nimeyasema niliyoyaona na niliyoyatenda, pamoja na yale niliyoyakosea. Sina la kuongeza wala la kupunguza, na haya ndiyo maelezo yangu.

Sahihi ya shahidi: Y. J. Silvano

MAELEZO YA ASKARI ALIYEANDIKA

Mimi WP Koplo Scholastika nathibitisha kuwa nimeandika maelezo haya kama yalivyotolewa, nikamsomea shahidi, naye amekiri ni sahihi na kutia sahihi mbele yangu saa 5:50 asubuhi.

Kabla ya kufunga, shahidi aliomba kumpigia mtoto wa marehemu ili aseme maneno yake ya mwisho yasikike makaburini. Nilimruhusu. Simu ilipopokelewa na kuwekwa kwa sauti kubwa, shahidi alifungua mdomo, sauti haikutoka. Alinisukumia karatasi. Nimemsomea mimi, kuanzia "Naima binti Hamudi" mpaka mwisho, kwa sauti, na nilipofika kwenye panya nilisikia watu upande wa pili wakicheka, wanawake kwa wanaume. Baadaye sauti ya mzee ilisema, "Mwambieni yai lake lipo. Sasa tumshushe." Shahidi alikaa na simu ile sikioni mpaka mchanga ulipoisha kumwagwa.

Ameondoka kituoni kwenda Makote kuchukua yai.

WP Koplo Scholastika
Masasi, 17/07/2024