Aliyeshika Kamba ya Fahali

Toronto

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Na Mama, kifua kimeachia? Mimi mzima, ila hapa mtaani kwetu St. James Town lifti ya jengo imegoma tena, napanda ghorofa kumi na tano kwa miguu. Tangu niondoke baada ya ule uchaguzi wa vyama vingi, hii ndiyo barua ngumu kuliko zote. Neema, mdogo wangu, najua wewe ndiye unayemsomea. Nakuomba usiruke mstari, hata ukiona haya.

Baba, nimekukosea.

Niliwaeleza kwamba nafanya usafi kwenye jumba la kuwaenzi wachunga ng'ombe wa zamani wa huku, wale waliofungua nyika za magharibi. Kuta nzima ni wanaume wa kofia pana na mabuti, na masharubu hayo! Nafuta vioo vyao, wananikodolea macho kama nimewaibia ndama. Mwezi uliopita msimamizi wetu, mama mmoja anaitwa Hellen, alisema anatenga kona ya wafugaji wa nchi nyingine. Mimi na kimbelembele changu nikampelekea ile picha ya maonyesho ya wakulima, siku fahali alipopata zawadi.

Unaikumbuka. Tajiri wako, mwenye fahali, kasimama mbele na kofia yake. Wewe uko pembeni, peku, umeshika kamba.

Hellen akauliza, "Baba yako yupi?"

Sijui shetani gani alinipitia. Nilitazama zile kofia ukutani, nikatazama miguu yako, nikamwonyesha tajiri.

"Na huyu?"

"Kijana wetu wa kazi."

Kijana wa kazi! Mtu mwenye wajukuu! Wewe uliyelala zizini wiki nzima fahali yule alipougua!

Picha ikatundikwa. Wiki tatu nimekuwa naifuta vumbi bila kuitazama. Jana Hellen akanipeleka pale, akagusa kioo usoni pako. "Niliichagua kwa ajili ya huyu," akasema. "Ona fahali alivyomwegemea. Huyo mwingine kaja kupigwa picha tu. Nitajie jina lake nimwandike."

Nikajibu nimelisahau.

Nimesema hivyo, Baba, kwa mdomo wangu huu. Kisha nikaingia chooni, nikafungulia bomba ili wasinisikie nikilia.

Kesho nikifika tu, kabla sijashika ufagio, nitamweleza yote, hata kama atanifukuza. Nimeona haifai nimweleze yeye kabla sijakuandikia wewe.

Nisalimie Mama, shangazi aliyetulea, na mjomba fundi baiskeli. Usinisamehe haraka, Baba. Kasirika kwanza, ni haki yako. Ila jina lako sijalisahau hata siku moja. Ndilo hili ninalotia saini.

Mwanao,
Yona Mathayo Chidawali