Mahali Gari Linapolia Chakula

Banepa, 14 Bhadau

Baba Barsha,

Nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Ulisema niandike siku ileile gari litakapofika, na sasa mwezi umekatika. Mtoto alishikwa na kikohozi, mahindi yakawa ya kuvunwa, na nikipata pa kukaa nalala hapohapo nilipokaa. Kwenye simu nako unajua kulivyo, mama yako anaweka spika na nyumba nzima inasikiliza. Hujambo lakini? Joto la Doha limepungua? Sisi wazima. Barsha meno ya nyuma yanamtoka, na kila mwanamume mwenye masharubu kwenye televisheni anamwita baba.

Haya, gari. Ni jeupe kama ulivyotaka. Viti bado vina nailoni kwa sababu mama amekataa isitolewe mpaka urudi, basi tunakaa jasho linatutiririka mgongoni. Nimeliendesha mara moja tu, siku lilipofika. Nakueleza polepole ili nawe uonje.

Kwanza nilidhani halijawaka. Nimezoea tempo yangu ya Kathmandu, ile ya magurudumu matatu. Nayo ni ya umeme, lakini inanguruma kama mashine ya kusaga, na mchana tulikuwa tunaingia gereji kubadilisha mabetri mazito kwa mikono. Hili halisemi kitu. Nilikanyaga kidogo, tukawa tumeshapita lango, na kuku wa jirani hawakuhama maana hawakusikia. Ikabidi niwapigie honi kuku! Mlima wa Sanga unaujua, malori yanaupanda kwa moshi na matusi. Mimi niliyapita kama naenda kwa jirani kuomba chumvi. Na kushuka, sikia hii: ukiinua mguu, gari linajizuia lenyewe na umeme unarudi kwenye betri. Nilifika chini nikiwa na chaji nyingi kuliko niliyokuwa nayo juu. Nilicheka peke yangu. Nikasema, laiti na mimi ningeumbwa hivi, niteremke kidogo nijae.

Sasa lisilopendeza. Tulikubaliana mimi na wewe kwamba nitaliendesha mimi, nibebe wagonjwa na watu wa ofisi kwenda mjini, nawe urudi usiende tena ugenini. Leseni ninayo. Lakini jioni ya siku ile lilipofika, baba alimkabidhi Hikmat ufunguo mbele ya watu. Mdogo wako akaniambia, "Shemeji, wewe pumzika. Tempo na gari la heshima ni vitu viwili."

Kesho yake aligonga zizi la nyati. Nikamwambia, "Kweli ni vitu viwili. Tempo sikuwahi kuipeleka kwa nyati."

Watu walicheka, ufunguo hakuutoa. Zungumza na baba. Katika nyumba hii neno langu ni kelele za sufuria, lako linasikilizwa.

Ufunguo wa pili uliouomba nimempa Lokendra anayerejea huko kazini, pamoja na barua hii na achari ya figili. Ule wewe, usiwagawie wote.

Mkeo,
Mama Barsha


Doha, 9 Asoj

Mama Barsha,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mgongo tu unanisumbua. Barua yako wenzangu chumbani walininyang'anya, na ile habari ya kuku imesomwa kwa sauti mpaka mpishi akaja kusikiliza. Achari iliisha siku hiyohiyo, usinigombeze.

Ufunguo nalala nao chini ya mto. Jamaa wananitania, "Bonyeza basi, tuone kama litakuja." Nami nabonyeza.

Kuhusu Hikmat, vumilia. Nikimpinga baba kwa simu atasema mwanawe amelewa pesa za ugenini. Acha sikukuu ya Dashain ipite, gari lifanyiwe ibada kwa mkono wa mwanamume wa nyumbani. Baada ya hapo ni lako. Naapa kwa kichwa cha Barsha.

Mumeo,
Baba Barsha


Banepa, 3 Kartik

Baba Barsha,

Natumaini mgongo umepoa. Huku afya ipo. Mengine ndiyo haya, nami nakuandikia mapema kabla hujayasikia kwa wengine.

Siku moja kabla ya ibada, Hikmat aliamka na kichwa cha pombe. Baba mwenyewe akaniita: "Mkwe, tupeleke tukachukue mbuzi wa sadaka." Nikawapeleka. Mbuzi alikaa nyuma na mama, wote wawili kimya kwa kuogopa ule ukimya wa gari. Tukarudi salama, mama akanisifu mbele ya majirani. Jioni nikaingia mwezini.

Unajua sheria za nyumba. Siku nne sigusi jiko, sigusi madhabahu, sisogei kwenye ibada. Kwa hiyo asubuhi ya Navami, siku yenyewe ya kuchinja, nilikuwa nimesimama juu darini na mtoto, nikiangalia uani kama mgeni.

Walimchinja mbuzi, wakapaka damu kwenye magurudumu kama kawaida. Kisha Hikmat akafungua boneti apake injini, kama tulivyofanya kwa pikipiki yako. Akakuta sanduku na nyaya.

"Injini haipo!" akasema. "Nimpe wapi?"

Mama akamwambia, "Wewe naye! Anakula wapi? Si pale unapomlisha kila jioni?"

Wakafungua kifuniko cha chaji. Nikapiga kelele, "Shemeji, hapo usitie kitu! Ni sawa na kumwagia maji swichi!" Baba hata hakuinua uso. Akasema, "Aliye mwezini hapazi sauti kwenye ibada. Mwambieni aingie ndani." Hikmat akamimina damu, akamimina maziwa, akashindilia mchele na rangi nyekundu kwa kidole gumba. Mama akapiga makofi.

Walipochomeka waya jioni, pakalia pa! Ikatoka harufu, kioo kikawaka taa nyekundu. Tangu hapo halichukui chaji.

Unajua wamesema nini? Kwamba hedhi ilinianza nikiwa kwenye usukani. Kwamba nilichafua kiti, mungu akakataa sadaka. Mama amekivua kiti nailoni na kukitakasa kwa mkojo wa ng'ombe. Nailoni aliyokataa isitolewe!

Mimi nililiona kosa linafanyika na sikuruhusiwa kusogea nilizuie. Mpigie baba. Sema neno moja tu, kwamba unaniamini.

Mkeo,
Mama Barsha


Doha, 20 Kartik

Mama Barsha,

Salamu. Nimeongea na baba, amelia kwenye simu. Jasho langu la miaka yote liko uani halitembei. Sitaki kugombana na mtu. Niambie ukweli tu, baina yetu: siku ile ulipoendesha, ulikuwa safi?

Baba Barsha


Kathmandu, 11 Magh

Baba Barsha,

Habari za huko. Barsha mzima, kikohozi kimekwisha. Nimechelewa kukujibu, na safari hii siombi radhi.

Barua yako niliisomea uani na ndoo mkononi. Nikaitua ndoo, nikamvisha mtoto. Tuko kwa dada Pabitra, nami naendesha tempo tena. Barsha anakaa nyuma ya kiti changu, abiria wanampa karanga, jioni sote wawili mikono inanuka betri.

Swali lako silijibu, leo wala siku nyingine. Nikisema nilikuwa safi, mtasema naongopa. Nikisema sikuwa, mtasema nilijua. Kilichonitoa kwenye ile nyumba si baba wala mama. Ni wewe kuniuliza.

Kabla sijaondoka nilimwita fundi. Alichokonoa lile tundu kwa kibano, akatoa punje za mchele zilizogandamana na damu, akaziweka kwenye kitambaa mbele ya baba. Baba akasema baridi imezidi, akaingia ndani.

Hikmat akaniuliza, "Umefurahi sasa, Shemeji?"

Nikamwambia, "Ningefurahi lingekuwa linatembea."

Linatengenezeka. Tundu jipya lipo, lakini kadi ya gari ina jina lako na bila idhini yako hakuna fundi atakayeligusa. Sasa limefunikwa turubai. Wale kuku niliowapigia honi wanatagia juu yake.

Usiambiwe kwamba nimekuacha. Mtoto namlaza kwa busu mbili, moja ni yako. Lakini pale uani sirudi. Nitalichukua gari, nitalitengeneza, nitabeba abiria kama tulivyokubaliana. Ukirudi utanikuta stendi ya Banepa. Ukitaka kupanda, panda mbele.

Lokendra anakuja likizo mwezi ujao. Mpe hivi tu:

Viatu vya Barsha. Unyayo nimeuchora nyuma ya karatasi hii, acha nafasi ya kidole, mguu unakua.

Nakala ya cheti chako cha uraia. Shuleni hawamwandikishi bila jina la baba.

Karatasi yenye sahihi na dole gumba lako, imegongwa muhuri ubalozini, isemayo kwamba gari nitalitengeneza na kuliendesha mimi, wala si mtu mwingine.

Na ufunguo wa pili, huo ulio chini ya mto wako.

Mama Barsha